Hosea na binti aliyeitwa Hakurehemewa

Gomeri, mke wa nabii Hosea, alipomwachisha ziwa binti yake, alishika mimba nyingine. Ni mstari mfupi, aya ya 8 katika sura ya kwanza ya kitabu cha Hosea, na wengi huupita mbio kwenda kwenye maneno makubwa yaliyo mbele. Mimi hunisimamisha kila mara. Katika nchi zile mtoto alinyonya miaka miwili, pengine mitatu. Basi kwa muda wote huo nyumbani kwa Hosea mwana wa Beeri palikuwa na mtoto wa kike anayeota meno, anayejifunza kusimama kwa kushika ukuta, na jina lake lilikuwa Lo-Ruhama, yaani Hakurehemewa. Nawaza jua linazama, mama yake anatokeza mlangoni: Hakurehemewa, njoo ndani, giza linaingia. Mgeni anapita, anamkuta mtoto anachezea mchanga, anamwuliza jina. Mtoto anajibu.

Huku kwetu jambo hili halihitaji maelezo marefu. Tuna akina Shida, akina Tabu, akina Masumbuko, watu wazima na heshima zao wanaobeba mpaka leo habari za mwaka waliozaliwa. Lakini Shida ni jina la mzazi anayesimulia yaliyompata. Lo-Ruhama lilikuwa tangazo. Mungu ndiye aliyeagiza mtoto apewe, na liliwahusu wote waliolisikia: nyumba ya Israeli haitahurumiwa tena. Mdogo wake alipozaliwa aliitwa Lo-Ami, Si Watu Wangu. Kaka yao mkubwa alikwisha kuitwa Yezreeli, jina la bonde lililomwagika damu. Familia nzima ikawa hati ya mashtaka inayotembea kwa miguu.

Na Kiswahili kinatupa ufunguo mkononi. Neno letu rehema limekuja kwa njia ya Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni watoto wa tumbo moja. Katika Kiebrania huruma ni rahamim, na mzizi wake ni uleule wa neno rehem, tumbo la uzazi. Ruhama, rehema, rahamim: mtoa huruma anamwona mwingine jinsi mama anavyomwona aliyetoka mwilini mwake. Kwa hiyo jina la yule binti linauma kuliko tafsiri inavyoonyesha. Ni kama kusema tumbo lililokubeba limekusahau.

Nimeanza na mtoto huyu kwa sababu kila mjadala wa haki na rehema ya Mungu ninaousikia, iwe mimbarini au kwenye matanga, huanza na mizani. Upande mmoja inawekwa haki, upande wa pili rehema, halafu kila mtu anasukuma upande anaoupenda. Mwenye uchungu anasema Mungu ni wa haki, atalipa. Mwenye kosa anasema Mungu ni wa rehema, tuyaache yaliyopita. Hosea hana mizani ya namna hiyo. Mizani pekee iliyomo kitabuni mwake ni ile ya sura ya 12, iliyo mkononi mwa mfanyabiashara, nayo ni ya udanganyifu. Kwake haki na rehema hazipimani. Vyote viwili hutolewa pamoja, na mtoaji ni yuleyule aliyekosewa.

Tuangalie kwanza alikuwa anasema na nani. Hosea alianza kazi katika ufalme wa kaskazini wa Israeli, ambao mara nyingi anauita Efraimu, mnamo mwaka 750 KK, siku za mwisho za Yeroboamu wa pili. Zilikuwa siku za neema kwa wenye nacho. Magofu ya Samaria, mji mkuu wa ufalme huo, yametoa vipande vya pembe za ndovu vilivyochongwa kwa ustadi, mapambo ya nyumba za watu walioshiba. Mwaka 745 KK Tiglath-Pileser wa tatu akashika kiti cha dola ya Ashuru, na kuanzia hapo jeshi lake likawa linasogea magharibi. Yeroboamu alipokufa nchi ikavurugika. Wafalme sita wakafuatana katika takriban miaka 25, na wanne kati yao waliuawa na waliowarithi: Zakaria aliyekaa miezi sita, Shalumu aliyekaa mwezi mmoja, Pekahia na Peka. Menahemu alinunua usalama wake kwa talanta 1000 za fedha, akizikusanya kwa kumtoza kila tajiri shekeli 50. Hosea anaifananisha siasa hiyo na njiwa asiye na akili: leo anaita Misri, kesho anakimbilia Ashuru.

Mashtaka yenyewe yamo katika sura ya 4. Mungu anaingia kama mdai mahakamani na kusema hakuna kweli katika nchi, hakuna fadhili, hakuna kumjua Mungu; kuna kuapa kwa uongo, kuua, kuiba na kuzini, na damu inagusana na damu. Halafu anageuka kwa makuhani. Anasema wanakula dhambi ya watu. Kiebrania kina neno moja kwa dhambi na kwa sadaka inayotolewa kwa ajili ya dhambi, na sehemu ya nyama ya sadaka ile ilikuwa chakula cha kuhani. Watu wakizidi kukosa, sahani ya kuhani inazidi kujaa. Kiongozi wa dini ambaye riziki yake inategemea makosa ya waumini hana sababu ya kutaka wapone. Hosea aliliona hilo karne ya 8 KK na sioni kama limezeeka.

Lakini aya inayoniambia zaidi kuhusu haki ya Mungu huyu ni ya 14. Hapo anasema hatawaadhibu mabinti wanapofanya ukahaba, wala maarusi wanapozini, kwa kuwa wanaume wenyewe ndio wanaojitenga na makahaba na kutoa sadaka pamoja nao. Isome polepole. Katika jamii ambayo mwanamke mzinzi aliweza kupoteza maisha, Mungu anakataa kumhukumu yeye peke yake huku baba na mkwe wake wamekaa barazani kama majaji. Je, hiyo ni haki au ni rehema? Kwa mabinti ni rehema tupu. Kwa wanaume ni haki inayowafikia mlangoni. Tendo ni moja.

Haki hiyo haiwaachi hata waliodai kuwa watumishi wake. Jina Yezreeli lilirudisha habari ya Yehu, aliyetiwa mafuta awe mfalme kwa agizo la nabii Elisha akaifuta nyumba ya mfalme Ahabu. Wana 70 wa Ahabu walikatwa vichwa, vichwa vikatiwa makapuni, vikapelekwa Yezreeli na kurundikwa mafungu mawili langoni pa mji. Kitabu cha pili cha Wafalme kinamsifu Yehu na kuwaahidi wanawe kiti mpaka kizazi cha nne. Hosea, uzao huohuo wa Yehu ukiwa bado unatawala, anatangaza kwamba damu ile italipizwa juu ya nyumba ya Yehu. Wafasiri wamehangaika sana kuzipatanisha sauti hizi mbili. Mimi naona ujasiri wa nabii aliyekataa kuamini kwamba damu husafika kwa kumwagwa kwa jina la Mungu.

Watu walikuwa na jibu lao kwa hayo yote, nalo ni zuri la kuimbika. Sura ya 6 inaanza: njoni tumrudie Bwana, yeye ametupasua, yeye atatuponya, siku ya tatu atatuinua. Hakuna dhambi inayotajwa pale. Hakuna aliyeibiwa anayerudishiwa, hakuna mizani inayorekebishwa. Jibu la Mungu limejaa uchovu wa mzazi: nikufanyie nini, Efraimu? Fadhili zenu ni kama wingu la asubuhi, kama umande unaotoweka mapema. Kisha yanakuja maneno ambayo Yesu, katika Injili ya Mathayo, aliyatumia mara mbili, na ambayo Rabi Yohanan ben Zakkai, kwa mapokeo ya Kiyahudi, alimfariji nayo mwenzake walipolitazama Hekalu lililoteketea: "nataka fadhili wala si sadaka."

Hapa Kiswahili kinatutega kidogo. Neno letu sadaka ni ndugu wa tsedaka ya Kiebrania, na tsedaka ni haki, uadilifu wa matendo. Hosea hakatai sadaka ya namna hiyo. Anachokikataa ni zevah, mnyama anayechinjwa na kuliwa kwenye ibada. Katika sura ya 10 anaidai tsedaka yenyewe, kwa lugha ya shamba: pandeni haki, mvune fadhili, lima shamba lililolala. Tumeichukua sadaka tukaiacha na maana ya sarafu zinazodondoka kwenye kikapu, na haki iliyokuwa ndani yake tukaipa makao mengine.

Basi mkosaji anataka kusamehewa bila kugusa kosa. Mungu afanye nini? Sura ya 3 inajibu kwa bei. Hosea anaambiwa aende akampende tena mwanamke anayependwa na mwingine. Jina halitajwi, ila wafasiri wengi wanamsoma kuwa Gomeri. Anamnunua kwa shekeli 15 za fedha, na homeri moja na nusu ya shayiri. Fidia ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe, kwa sheria ya Kutoka, ilikuwa shekeli 30. Inaelekea Hosea alikuwa na nusu tu ya fedha, akajazia kwa nafaka. Na shayiri ilikuwa nafaka ya watu wa chini. Namwona akiteka pishi baada ya pishi kutoka ghalani, akihesabu midomo iliyobaki nyumbani, watoto watatu wenye majina yale wakimtazama. Jirani aliyempita njiani na mzigo ule alijua anakokwenda.

Halafu kuna sura ya 2, na hapo ndipo msomaji wa Kiswahili amekaa mahali pazuri kuliko wengi. Mungu anamwambia mke aliyemwacha: nitakuposa. Hasemi nitakurudisha, wala nitakuvumilia. Atamposa, kama vile hajawahi kuolewa. Kisha anataja vitu vitano: haki, hukumu, fadhili, rehema na uaminifu. Kiebrania kinaviunganisha na uposaji huo kwa kiambishi kilekile kinachotumika Daudi anapotaja mahari aliyomtolea Mikali binti Sauli. Vitu vile vitano ni mahari. Mposaji ndiye anayevileta, vyote pamoja, haki ikitangulia na rehema ikiwa katika mzigo uleule. Hakuna mzee wa upande wa bibi arusi atakayesema tumepokea rehema, haki irudisheni. Mahari pungufu ni mahari pungufu. Mpaka leo Myahudi mcha Mungu anapozungusha kwenye kidole asubuhi ukanda wa tefilini, visanduku vya maandiko vinavyofungwa mwilini wakati wa sala, huyatamka maneno haya ya posa.

Katika sura hiyohiyo Mungu anasema: siku hiyo utaniita Ishi, hutaniita tena Baali. Ishi ni mume wangu. Baali ni bwana wangu, kwa maana zote tunazozijua sisi: mwenye mali, mwenye mke, na pia jina la mungu wa mvua waliyemkimbilia. Sisi tunaomwita mume bwana, na Mungu Bwana, tunaisikia sentensi hii kwa masikio ambayo Mzungu hana. Mungu anasema amechoka kuitwa mwenye mali.

Nasema hivi kwa sababu kitabu hiki kimetumika vibaya, na kukaa kimya itakuwa kosa. Mwanzoni mwa sura ya 2 mume anatishia kumvua mke nguo, kumzibia njia kwa miiba, kumwua kwa kiu. Lugha hiyo inatisha, na mwanamke aliyewahi kupigwa hawezi kuisoma kama mfano tu. Nimewahi kusikia mhubiri akimwambia mama mwenye jicho lililovimba arudi kwa mumewe, kwa kuwa hata Hosea alimrudia Gomeri. Nilitoka nje. Katika hadithi ya Hosea anayesamehe ndiye mwenye nguvu zote: sheria iko upande wake, wazee wako upande wake, nyumba ni yake. Anaziweka chini kwa hiari. Kulitoa fundisho hilo kwa mtu asiye na nguvu yoyote ni kumwibia mara ya pili. Na hao wazee wanaomaliza kesi ya binti aliyebakwa kwa mbuzi wawili na soda, wakisema tusameheane, wasimtaje Hosea. Posa yake ilikuja na haki imetangulia.

Pengine nabii mwenyewe aliona mfano wa mume haumtoshi, maana sura ya 11 anauacha kabisa. Sasa ni mzazi na mtoto. Israeli alipokuwa mtoto nalimpenda, nikamwita kutoka Misri. Mimi ndiye niliyemfundisha Efraimu kutembea, nikawashika mikono. Niliinama nikawalisha. Fadhila ya punda ni mateke, walisema wahenga, na Hosea anakubaliana nao. Mahali pengine amemwita Efraimu punda-mwitu. Kadiri mtoto alivyoitwa ndivyo alivyozidi kwenda zake.

Msikilizaji wa siku zile alijua kesi hii inaishia wapi. Kumbukumbu la Torati sura ya 21 inasema mwana mkaidi asiyesikia wazazi huletwa na baba na mama yake kwa wazee, langoni pa mji. Wazazi wanatoa ushahidi, watu wa mji wanampiga kwa mawe. Ushahidi umekwisha kutolewa, aya kwa aya. Upanga umetajwa katika aya ya 6. Inabaki mzazi kumwachia mkono. Ndipo sauti inakatika:

"Nikuacheje, Efraimu?"

Anauliza tena: nikufanyeje kama Adma, nikuwekeje kama Seboimu? Hii ni miji iliyoangamia pamoja na Sodoma, ambayo hakuna aliyerudi kuijenga. Na mara baada ya kuitaja anasema moyo wake umegeuka ndani yake. Neno la Kiebrania lililotumika hapo ndilo lililotumika katika kitabu cha Mwanzo Mungu alipoipindua Sodoma. Maangamizi yaliyostahili kuushukia mji yanafanyika ndani ya kifua cha hakimu. Sijui maneno mengine katika manabii wote yanayothubutu kwenda umbali huo. Na sababu anayoitoa ni kwamba yeye ni Mungu, si mwanadamu. Sisi tungetegemea kinyume chake, kwamba mwanadamu ndiye anayelegea na Mungu ndiye asiyelegea. Neno alilotumia kwa mwanadamu ni ish, mwanamume, neno lilelile lililomo ndani ya Ishi. Yule mume mwenye vitisho wa sura ya 2 anakanushwa na yeye mwenyewe.

Ila upanga wa aya ya 6 haukufutwa. Ashuru ilikuja. Samaria ilizingirwa miaka mitatu, ikaanguka mwaka 722 KK, na Sargon wa pili akaandikisha kwamba alihamisha watu 27,290. Mfalme wa mwisho, aliyefungwa gerezani na Waashuri, kwa Kiebrania alikuwa na jina moja na nabii wetu: Hoshea, wokovu. Sura ya 13 inafunga kwa picha ya watoto wachanga wakivunjwavunjwa na wanawake wajawazito wakipasuliwa. Hicho ndicho Menahemu, mfalme wa Israeli, alikwisha kuwafanyia wajawazito wa mji wa Tifsa. Wamepanda upepo, nao watavuna tufani. Lakini watoto wachanga hawakupanda chochote. Sina maneno ya kuulainisha mstari huo, na simwamini mhubiri aliye nayo. Lo-Ruhama, kama alikuwa bado hai, alikuwa mwanamke mzima siku zile, pengine mwenye watoto wake.

Kilichofutwa ni mwisho. Adma haikupata kesho. Efraimu ameahidiwa kurudi akitetemeka kama ndege kutoka Misri na kama njiwa kutoka Ashuru. Njiwa yuleyule mjinga, sasa anarudi nyumbani. Katika sura ya 14 Mungu anawafundisha watu maneno ya toba, na safari hii toba ina vitu ndani yake: Ashuru haitatuokoa, farasi wa vita hatutawapanda, kazi ya mikono yetu hatutaiita tena mungu wetu, kwa maana kwako yatima hupata rehema. Mzizi ni uleule wa jina la binti. Na umande, uliokuwa mfano wa toba isiyodumu, sasa ni Mungu mwenyewe: nitakuwa kama umande kwa Israeli. Wayahudi huisoma sura hii sinagogini Sabato iliyo kati ya Mwaka Mpya wao na siku ya Upatanisho.

Kitabu hakisemi kama binti yule alibadilishiwa jina rasmi. Kinachosema kimo mwanzoni mwa sura ya 2, katika aya ambayo wengi huipita, na amri yake hapewi nabii wala kuhani. Wanaamriwa watu wa kawaida, kwa wingi: waambieni ndugu zenu, Ami; na dada zenu, Ruhama. Ile silabi moja ya kukana, lo, imeondolewa. Mtu mwingine alitakiwa kwanza afungue kinywa, jioni, mlangoni, amwite dada yake kwa jina lililobaki.